Mgonjwa Atatazamwa Hukohuko

Habari ya kifo cha kaka yangu Bartolomeo aliyeisimulia kwanza ni mjane wake Kasiana, wifi yangu huyu aliyekaa karibu na dirisha. Aliisimulia jikoni mwa nyumba hii hapa Msamala, mwezi wa nane mwaka 1987, siku ya kuanua tanga, tulipokuwa tunaosha vyungu vya pombe ya ugimbi. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Iringa nilikokuwa nafundisha, na mazishi yalikuwa yamekwisha. Nyote mnaoisimulia leo mliipata kwake, na kila mmoja ameongeza lake na kupunguza lisilompendeza. Kwa hiyo nitaisema kama alivyoisema yeye, na nikikosea anisahihishe papo hapo mbele yenu.

Nisikilizeni, wanangu. Sikuzaa, lakini shangazi hakosi watoto, na ninyi mnajua kwamba nimewahesabu kuwa wangu tangu mkibebwa mgongoni. Mdomo wangu una upande mmoja usionitii tangu Kwaresima. Neno likitoka limepinda lipokeeni hivyohivyo, wala asiwepo mtu wa kunimalizia sentensi. Hilda, binti wa kaka yangu, hilo nakuambia wewe hasa.

Kabla sijaendelea, Joachim, nenda uani ukashushe magunia yaliyomo kwenye pikapu. Najua umekwisha kufunga kamba na keshokutwa alfajiri unaelekea Makambako. Yashushe yote. Usiniulize sababu, utaijua mwenyewe. Jirani yetu Bashiru amesimama pale kwenye ua wake anajifanya anakata majani, mwite akusaidie. Madirisha yako wazi, utanisikia ukiwa hukohuko.

Na wewe Devota, mke wa Joachim, usikae mlangoni kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Ingia. Aliyekukataza kuingia ni mdogo wangu Alfonsi, na mdogo wangu yupo hapa, na nyumba hii ni yangu. Kaa kwenye mkeka, hapo miguuni pangu.

Sasa nasema.

Mwaka ule biashara ya mahindi ilikuwa imeanza kufunguliwa, na mtu aliweza kununua na kuuza bila kungoja ushirika. Bartolomeo alikuwa amenunua pikapu hiyohiyo mnayoisikia ikishushwa magunia, ikiwa imekwisha kutumika kwa watu wengine, gari la kwanza katika ukoo wetu. Alianguka mchana, hapo uani, akiwa anapima mahindi. Kasiana alisema hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini polepole kama mtu aliyekumbuka jambo, akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Alipotaka kusema, mdomo ulikwenda upande.

Joachim alikimbilia gari akaliwasha. Alifanya sawasawa, na nataka asikie kwamba alifanya sawasawa. Kutoka hapa hadi hospitali, maharage yaliyokuwa jikoni yasingekuwa yameanza hata kulainika. Lakini binamu yetu Jeremia, ambaye siku hiyo ndiye alikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwepo, alikwenda akasimama mbele ya gari.

"Unampeleka wapi baba yako?"

"Hospitali, baba mdogo."

"Ametazamwa na nani?"

Joachim akabaki ameshika usukani.

"Hospitali haikimbii," Jeremia akasema. "Huu ni upepo umempiga, na mtu wa upepo akichomwa sindano amekwisha. Gari unalo, mafuta unayo. Nenda Namtumbo kamlete Alfonsi, ndiye mkubwa wetu baada yake, aje amtazame. Akishamtazama, mpeleke hata Ulaya."

Wifi alisema watu walicheka kidogo, kwa sababu Jeremia alikuwa mtu wa maneno, na kwa sababu walipata nafuu kuona kuna mtu anayejua la kufanya. Gari halikuzimwa. Liligeuzwa tu. Gari ambalo lingemfikisha mgonjwa hospitali likatoka hapa likiwa tupu, likashika barabara ya vumbi ya mashariki kwenda kumtafuta mtu wa kumtazama.

Nyuma huku wanawake walimlaza ukumbini, wakampaka mafuta mkono uliokufa, wakauvuta. Wakaona hana nguvu, wakapika uji. Wakamwinua kichwa wakamnywesha, naye akawa anakohoa, na kila akikohoa walisema afadhali, anarudi. Jua lilipokuwa linateremka alianza kukoroma, nao wakasema amepata usingizi.

Sasa nifike kwa Alfonsi, na hapa nataka kila mtu anyamaze, kwa maana kuna neno baya limekaa katika ukoo huu kwa miaka mingi. Watu wanasema Alfonsi alimwacha kaka yake afe kwa sababu ya tumbaku. Wanasema Joachim alimkuta sokoni, akaambiwa asubiri mpaka marobota yapimwe, na gari likakaa juani mpaka zamu yake ikafika. Kusubiri alisubiri. Lakini mimi nilimwuliza Joachim peke yake, halafu nikamwuliza Alfonsi peke yake, nao walinijibu jambo moja. Joachim alimwambia, "Shikamoo baba. Baba anakuita nyumbani." Basi. Hakusema ameanguka, hakusema mdomo umepinda. Alilelewa kwamba habari ya ugonjwa haitupwi katikati ya soko, inasubiri mpaka mtu amekaa. Alfonsi alidhani anaitwa kwa habari ya shamba la mpakani, ambalo yeye na kaka yake walikuwa hawajaelewana. Angejua, angeiacha tumbaku ichukuliwe na mbuzi. Kwa hiyo kuanzia leo neno hilo life. Atakayelisema tena katika nyumba hii ananitukana mimi.

Alfonsi alifika giza likianza kuingia. Alipiga magoti, akamtazama kaka yake usoni, akalia, akasema, "Nimemwona. Mpelekeni." Hospitali daktari hakufoka. Aliuliza ameanguka saa ngapi, wakasema mchana. Akauliza amenyweshwa nini, Kasiana akasema uji. Daktari akaweka kifaa chake kifuani akasikiliza muda mrefu, akasema uji ule mwingi umeingia mapafuni, na kwamba presha ilikuwa imepanda tangu mchana bila mtu wa kuishusha. Joachim alimwuliza kama wangefika mapema. Daktari alisema, "Siwezi kukuahidi kwamba angepona. Lakini ningekuwa na mtu wa kumtibu." Bartolomeo alikufa kabla ya Jumapili.

Wifi, nimekosea mahali? Basi.

Sasa mtaniuliza desturi hii ya kutazamwa ilitoka wapi, maana vijana mnaifuata bila kuijua na wengine mnaicheka bila kuijua. Nilielezwa na bibi yetu mzaa baba, nami nilikuwa binti wa shule ya masista, niko likizo. Baada ya vita vya Majimaji, katika njaa ile, ndugu yake babu aliugua akabebwa kwa machela kupelekwa kwa mganga wa mbali. Alikufa njiani, na wabebaji wakamzika walipokuwa kwa sababu hawakuwa na nguvu za kumrudisha. Waliporudi mikono mitupu, nusu ya ukoo ikasema ameuzwa, nusu ikasema ameuawa, na nyumba mbili za ndugu zikawa hazichoti maji kisima kimoja. Ndipo wakubwa wakapatana kwamba mgonjwa hatatoka tena uani kabla mkubwa hajamtazama usoni na kusema, "Nimemwona." Akishasema hivyo, yakitokea ya kutokea, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Mnaona ilikuwa desturi ya nini. Ilikuwa ya kuzuia lawama. Haikuwekwa ili mtu akae ukumbini anakufa huku gari lipo. Waliopatana hivyo walikuwa wanaishi boma moja, na mkubwa alikuwa hatua chache kutoka kwenye mkeka wa mgonjwa. Hawakujua kwamba siku moja mkubwa atakaa Namtumbo, mgonjwa Msamala, na mwenye gari Makambako.

Naja kwenye lililotuleta hapa.

Kwaresima hii nilianguka mimi. Nilikuwa nabangua karanga pale barazani, mchana, Kasiana ananisuka. Karanga zikaanza kunidondoka mkononi, nikadhani ni uzee. Nilipotaka kumwambia Kasiana aache, nikasikia sauti kama ya ng'ombe, na ilikuwa yangu. Kuanzia hapo sikuweza kusema, lakini mkumbuke jambo hili siku zote mnapokaa na mgonjwa wa namna hiyo: nilisikia kila neno.

Joachim hakuwepo, alikuwa safarini. Walikuwepo Kasiana na Devota. Kasiana akapiga kelele atafutwe mtu wa kupanda basi la Namtumbo. Devota hakumjibu. Alinigeuza ubavu, akanifuta mate, akaenda kwenye ua akaita, "Baba Bashiru, gari yako inawaka?"

Bashiru akasema, "Inawaka ikisukumwa."

"Njoo tuisukume."

Kasiana akaja akasimama mlangoni, mikono imeshika fremu huku na huku. Wifi, nayasema kwa sababu niliyasikia, si kwa kukuaibisha. Ulisema, "Devota, wewe umeolewa hapa, hukuzaliwa hapa. Huku si kwenu Umatengoni mnakochimba mashimo yenu ya ngoro mlimani bila kuuliza mtu. Wifi yangu hatoki hajatazamwa."

Devota akasema, "Mama, baba Alfonsi atamtazama. Atamkuta hukohuko hospitali, amelala kwenye kitanda, macho yake wazi. Hapa atakuja kumtazama maiti."

"Na akifia njiani, utawaambia nini?"

"Nitawaambia nilikuwa nampeleka."

"Basi mpe angalau uji, ana njaa tangu asubuhi!"

"Mama, uji usimpe. Nakuomba kwa magoti, uji usimpe."

Hapo nilisikia kimya. Sikumwona Kasiana, nilikuwa nimegeuzwa ukutani, lakini kimya kile nilikijua. Halafu Bashiru akaingia, na yeye ni mtu wa mzaha hata msibani, akasema, "Mama Joachim, mimi si wa ukoo, ni jirani tu. Mkubwa akija mwambieni Bashiru kaiba mgonjwa. Anidai kuku, nitamlipa jogoo." Wakanibeba. Nilipopitishwa mlangoni bega langu liligusa mkono wa Kasiana uliokuwa bado umeshika fremu. Aliuondoa.

Hospitali presha yangu ilikuwa imepanda sana. Waliishusha polepole, wakazuia nisinyweshwe kitu mpaka wamejua koo langu linameza, wakanigeuza ubavu huu na ubavu huu, na baadaye wakanifundisha kusimama. Alfonsi alifika siku ya pili. Nilimwona anaingia wodini kofia mkononi, akanitazama usoni. Mdomo wake ulicheza, lakini hakusema neno la desturi. Alisema, "Nani aliyemtoa?"

Mengine mnayajua. Kikao kilikaa bila mimi. Devota akaambiwa amemvuka mkubwa, aende kwao mpaka wazee wake waje na mbuzi kuomba radhi, nao wazee wake wakasema hawawezi kuomba radhi kwa mtu kupelekwa hospitali, na tangu Pasaka analala kwao na watoto wapo hapa wanamwulizia. Joachim, wewe ulikaa kimya katika kikao kile. Baba yako alipoanguka uliwasha gari ukaligeuza kwa sababu mtu mzima alikuambia. Mke wako hakuligeuza. Kesho baada ya misa kikao kinakaa tena, na Alfonsi amekuja kutoa neno la mwisho. Neno hilo nalitoa mimi leo. Mimi ni dada yake, nimemtangulia kuzaliwa, na hakuna mwingine aliye hai aliyemtangulia.

Devota hatoi mbuzi. Devota haombi radhi. Anarudi katika nyumba yake usiku huu, na kesho Joachim ndiye atakayembebea mzigo wake, mchana, watu wakiona.

Na wewe wifi yangu Kasiana, naomba unisogelee. Watu wanashangaa kwamba wewe uliyefiwa na mume kwa kusubiri ndiwe uliyeshika mlango. Mimi sishangai. Kama Devota alifanya sawa, basi uji ule na mafuta yale na kukaa kule mchana kutwa kulikuwa nini? Afadhali desturi iwe sawa, ili nawe uwe ulifanya sawa. Nimekuelewa hivyo tangu siku ile mkono wako ulipoondoka kwenye fremu. Sikiliza. Ulimpa mumeo uji kwa sababu ulimpenda, na hakuna aliyekuwa amekuambia kwamba uji unaua mtu wa kiharusi. Sasa umeambiwa. Anayejua leo hawajibiki kwa asichojua jana. Lia, wifi, lia tu, lakini usishike tena mlango.

Agizo langu ni hili. Katika ukoo huu, mtu akipinda mdomo, mkono ukimfia, maneno yakichanganyika, hata kama yote yakirudi sawa baada ya muda mfupi, hakuna anayeulizwa. Asinyweshwe uji, maji wala dawa ya mizizi. Asipelekwe kwanza kwenye duka la dawa la Majengo, wala asipakwe mafuta. Alale ubavu, na gari la kwanza linalowaka limchukue. Mjumbe wa kwenda kwa mkubwa atoke wakati uleule, aseme habari kamili hata katikati ya soko, na mkubwa aje hospitali amtazame mgonjwa hukohuko kitandani na kusema neno lake hapo. Desturi siifuti. Naihamisha mahali. Na wa kusema "twende" ni yule aliyepo karibu na mgonjwa, awe wa kuzaliwa au wa kuolewa, hata awe mtoto. Nisipokuwepo, neno hilo namwachia Devota alilinde.

Mali yangu si nyingi, na sidaiwi na mtu. Nyumba hii ni ya Joachim na Devota pamoja, majina yote mawili yaandikwe, asiwepo wa kumfukuza mwenzake. Kasiana atakaa chumba chake mpaka mwisho wake. Shamba la mpakani, lile walilogombea Alfonsi na marehemu, nusu ya juu yenye mkorosho ni ya Alfonsi na nusu ya chini kuelekea mto ni ya Hilda, na mpaka ni ule mstari wa mikatani nilioupanda mwenyewe, usisogezwe. Vitabu vyangu apewe anayesoma, siyo anayepanga kabatini. Cherehani, ile ya...

Ile...

Kikombe kimeanguka? Sikukiachia mimi. Mkono ndio umekiachia.

Acheni cherehani. Hapana Hilda, usiokote vigae, mtu atavifagia. Ni ileile. Naijua, imekuja na baridi yake hapa shavuni. Msipige kelele. Wifi, usiniletee maji. Ndiyo hivyo, asante, umekumbuka.

Joachim, magunia yameshuka? Vizuri. Ndiyo sababu yake hiyo. Nyumba yenye mgonjwa gari lisilale na mzigo.

Devota, sema neno lako. Sema kwa sauti, wasikie. Haya. Amesema.

Alfonsi, umeinuka unakuja kupiga magoti. Usi... usinitazame hapa, mdogo wangu. Nakuheshimu, lakini hapa hapana. Panda nyuma ya gari, ukae na mimi. Utanitazama huko. Ianze na mimi, ili asipatikane wa kusema haijawahi kufanyika.

Nibebeni. Nitasema hukuhuku nabebwa, ulimi bado upo. Mungu awape... awape macho ya kuona mapema na miguu ya kuondoka. Msigombane mlangoni. Mpendane, msi... msingojane.

Andikeni waliokuwemo katika habari hii. Bartolomeo amekufa. Jeremia amekufa, tulimzika juzi juzi hapa. Kasiana yu hai. Alfonsi yu hai, namsikia anapumua. Joachim, Hilda, hai. Bashiru, hai, anasukuma. Devota, hai.

Na Lidwina. Mimi. Bado.

Washa.